Mama Aliyeosha Kuta Bila Ngazi

Ukifika Makambako ukataka kumuulizia yule mama, usitaje jina. Wengi hawalijui, na wanaolijua hawalitumii. Inua tu mikono yote miwili juu, kama mtu aliyeshika mti mrefu unaotaka kumshinda nguvu, halafu ngoja. Lazima atatokea mtu acheke akuambie, "Ah, mama wa kuta. Siku hizi yuko kwao. Enzi zake ungemkuta ng'ambo ya reli anagombana na mtu." Na atakuwa hajakosea. Sijawahi kumwona akiosha nyumba bila kugombana na mtu.

Namwandika kwa sababu Festo bado anazunguka Makambako na Njombe akisema rafiki yangu Daudi alikufa kwa ulevi. Festo ni mkandarasi. Jina lake nimeliandika makusudi. Akitaka kunishtaki nyumbani kwangu anapajua, na mimi sikimbii. Hata nikitaka siwezi, nyonga yangu ilivunjika siku ileile aliyokufa Daudi. Katika watu wote waliosimama pale chini wakitazama, aliyekwenda ofisi ya kata kusema kweli alikuwa mama wa kuta peke yake. Kwa hiyo asinishangae mtu nikimsifu. Na asinishangae nikisema pia kwamba alikuwa mtu mgumu, mwenye mdomo, ambaye ukimpa chai anakuambia imekosa tangawizi.

Niieleze kazi yake kwanza. Nyumba ya Njombe ukiipaka rangi nyeupe mwaka huu, mwakani ina kuvu ya kijani kutoka chini ya bati mpaka madirishani. Ni mvua, ni ukungu, ni jua linalochungulia na kuondoka. Makambako kuna upepo na vumbi la malori, na masika ikija vumbi lile linakuwa tope ukutani. Sehemu ya chini mwenye nyumba atasugua mwenyewe kwa brashi. Shida iko juu, kwenye ule ukuta wa pembetatu unaoshika paa. Huko ndiko wanaume wanakovunjikia.

Yeye alikuwa hapandi. Ngazi alikuwa hana na hakutaka kuazima. Alichukua bomba la mgongoni, lile tunalopulizia viazi dawa, akaunga mpira wake na mpira mwingine mrefu, akaufunga kwenye mwanzi kwa vipande vya tyubu ya baiskeli. Kwenye ncha ya mwanzi alifunga kichwa cha kupulizia, ambacho tundu lake alilipanua kwa msumari wa moto ili maji yatoke manyunyu. Ndani ya bomba ni sabuni ya maji na dawa ya kung'arishia nguo nyeupe, imezimuliwa sana. Analowesha ukuta, anauacha. Baadaye anausuuza kwa maji ya pipa yanayoshuka yenyewe kwenye mpira.

"Ukuta ni kama mtoto mwenye upele," alikuwa akisema. "Humsugui. Unamlowesha, unamwacha alale."

Njombe pipa halikumpa shida, kule kila nyumba ina mlima nyuma yake. Unaliweka juu, maji yanashuka taratibu. Alipohamia Makambako akakuta nchi imelala kama meza, na maji yanatoka mpirani kama machozi ya mnafiki. Watu wakamcheka, wakamwambia arudi kwenye milima yake. Siku ya pili akaenda wanakoegesha malori ya mbao, akamkuta dereva amelala chini ya gari, akamwamsha kwa mguu na kumwambia alisogeze lori karibu na nyumba fulani kwa sababu anataka kuweka pipa juu ya mbao zake. Dereva hajui hata anaongea na nani. Akalisogeza. Tangu hapo madereva wakawa wanamwita shemeji, na yeye anawajibu kwamba dada zake hawajaishiwa wanaume kiasi hicho.

Sasa habari ya mianzi. Kwetu mwanzi ni ulanzi. Chipukizi likitoka unalikata ncha, unalikwangua asubuhi na jioni, linatoa maji matamu, yakikaa yanakuwa pombe. Lakini chipukizi ulilolikata ncha halirefuki tena. Ukitaka mti mrefu wa kufika chini ya bati, lazima uliache chipukizi likue bila kuligema, tena uchague lililo nene, lenye nguvu, yaani lile lile ambalo lingekupa ulanzi mwingi kuliko yote. Mama wa kuta alikuwa na shamba la mianzi na alikuwa akiuza ulanzi masika yote. Kila alipoliacha chipukizi zuri likapanda, wateja wake walilitazama kwa uchungu.

"Huu mti," alimwambia mzee mmoja akiupigapiga kwa kiganja, "ni ndoo zote ambazo hukunywa. Ndiyo maana umenyooka na wewe umepinda."

Jumapili alikuwa kwaya, sauti ya pili, kanisani kwa Walutheri. Wazee wa kanisa walimwita wakamwambia achague, ulanzi au kwaya. Akawaambia hawezi kuchagua mpaka nao wachague, maana wawili kati yao alikuwa akiwapimia. Hawakumwita tena. Mwenyewe ulanzi alikuwa hauonji hata kwa ulimi. Alisema unanuka kama mume wake wa zamani. Na kazini kwake mtu aliyelewa hashiki mwanzi, hata kama kazi yote inafanyika chini, hata kama amelewa ulanzi wa kwake mwenyewe.

Neno samahani mdomoni mwake lilikuwa halimo. Nalisema hili ili nisionekane namchora malaika. Siku moja aliosha nyumba ya mwalimu mmoja mstaafu pale Njombe. Ukuta ukatoka mweupe kama yai. Wiki haijaisha, miche ya parachichi ya mwalimu, iliyopangwa chini ya ukuta kwenye vifuko vyake ikisubiri kupandwa, ikakauka yote. Kumbe jirani alikuwa ameazima bomba akapulizie dawa ya kuua magugu kwenye mahindi, akalirudisha bila kulisuuza. Naye mama wa kuta akalijaza sabuni bila kulinusa. Kosa la mkulima hilo, mtu wa mjini hata bomba la kuazimisha hana. Mwalimu akaja juu. Mama wa kuta akamjibu kwamba mwanaume mwenye akili haweki watoto wake chini ya mfereji. Waligombana mpaka majirani wakatoka. Lakini asubuhi mwalimu alipofungua mlango, alimkuta uani amepiga magoti, anapanga miche mingine aliyoitoa kwenye kitalu chake, mizuri kuliko ile iliyokufa. Hakumsalimia. Alipanga, akanyweshea, akaondoka. Bomba lile hakuliazimisha tena, hata kwa dada yake.

Basi ndivyo alivyokuwa. Sasa nifike kwa Festo.

Festo alinunua mashine ya kuoshea magari, ile yenye injini inayorusha maji kama risasi, akaanza kuchukua kazi za kuosha nyumba. Mimi na Daudi tulikuwa vibarua wake. Daudi alikuwa jirani yangu tangu tuache shule, yeye darasa la sita, mimi la tano. Kazi yenyewe ilikuwa gesti ya ghorofa ya Yusto, Makambako, karibu na barabara kuu. Yusto alitaka ing'ae upesi kwa sababu alikuwa na wageni wa harusi. Kwa sababu ya upesi huo, Festo alitujengea jukwaa la mirunda na misumari michache, bila kamba, na mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri.

Kiwanja cha jirani mama wa kuta alikuwa akiosha ukuta wa mashine ya kusaga. Alisimamisha mwanzi wake akatutazama. Akamwambia Festo maji yale yatabandua lipu, na watu wale juu hawana pa kushika. Festo akamwambia aende akauze ulanzi wake. Hilo nililisikia kwa masikio yangu, nikiwa juu.

Daudi alishika bunduki ya ile mashine, yaani mdomo wa kurushia maji, mimi nilikuwa nyuma yake nimebeba mpira. Yusto alikuwa chini na mwavuli, anauliza mbona lile doa la juu halitoki. Daudi akapaza sauti, "Punguza kidogo, bosi, inanisukuma." Nilimwona Festo akiinama kwenye injini. Nikafikiri anapunguza. Mlio ukapanda. Bunduki ikaruka mikononi mwa Daudi, Daudi akarudi nyuma akagonga mrunda, msumari ukang'oka. Nakumbuka mbingu. Ardhi siikumbuki. Daudi aliangukia mawe ya msingi, hakuongea tena.

Nilipokuwa hospitali mguu umefungwa mawe ya kuunyoosha, nikasikia habari zimeshaenea kwamba tulipanda tumelewa. Festo ndiye aliyesema. Aliwaambia polisi, akamwambia mtendaji wa kata, akamwambia na mke wa Daudi siku ya msiba, amesimama mbele ya jeneza. Ilikuwa masika, ulanzi umejaa kila nyumba, nani angebisha? Yusto aliulizwa, akasema alikuwa anaongea na simu. Namwandika na yeye, Yusto. Simu yake siku ile ilikuwa mfukoni, mkono mmoja ulishika mwavuli na mwingine ulikuwa unaonyesha doa. Na mimi niliposema kweli, wakasema huyo aligonga kichwa.

Kwa nini neno hilo moja linauma hivyo? Kwa sababu mtu aliyekufa kwa ulevi wake hana wa kumdai. Mke wa Daudi alikwenda kwa Festo na watoto wake, akaambiwa akamdai aliyemnywesha. Shuleni watoto wakaitwa watoto wa mlevi. Kanisani jina la Daudi likawa mfano wa mahubiri.

Mama wa kuta aliposikia kuna kikao ofisi ya kata, alikwenda bila kuitwa, na mabuti yake ya mpira na tope lake. Yaliyotokea nimeyapata kwa waliokuwepo, na yeye mwenyewe hakuyakana. Alisema alichokiona: Daudi aliomba ipunguzwe, Festo akaongeza. Festo akacheka, akawauliza wazee kama hawamjui huyu, kwani si ndiye muuza ulanzi, na Daudi si alikuwa mteja wake?

"Alikuwa," akasema mama wa kuta. "Na alikuwa anakunywa sana, simfichi, marehemu anajua. Ndiyo maana mniulize mimi. Mlevi anaulizwa kwa anayempimia. Siku ile hakunywa."

Mtendaji akamwonya. Akamwambia kwamba akiendelea hivyo atakuwa amekiri mbele ya serikali kuwa anauza pombe bila kibali, na watamfungia.

"Nifungieni," akasema. "Lakini andikeni kwanza: hakunywa."

Wakamfungia. Kuandika hawakuandika.

Masika iliyofuata hakugema hata chipukizi moja. Mianzi yake yote ikapanda juu, shamba likawa refu kama msitu, na wanaume wakawa wanapita wakilitazama kama watu wanaopita makaburini. Alipata miti mingi kuliko mikono ya kuishika. Mmoja akaniletea.

Mimi wakati huo nilikuwa na magongo mawili. Nilikuwa nakaa mlangoni tangu asubuhi, simsemeshi mtu. Alikuja na mwanzi begani, unapita juu ya paa la nyumba yangu, akaulaza uani.

"Unamwatamia nani hapo?" akaniuliza. "Maana kuku akikaa hivyo tunategemea vifaranga."

Nikamwambia mimi siwezi tena kazi ya juu.

"Nani kakuambia habari ya juu? Juu ataenda mwanzi. Wewe kaa na kiti chako."

Ndivyo nilivyorudi kuwa mtu. Nilikaa kwenye kigoda, bomba limewekwa chini mbele yangu, napampu kwa mkono, yeye anashika mwanzi. Baadaye tulibadilishana. Alinifundisha kuanza chini kupanda juu ili dawa isichirizike ikaacha michirizi, kusimama upande upepo unakotoka, kufunika maua ya watu kwa magunia yaliyoloweshwa. Alinitukana kila siku. Nikikosea aliniambia hata Festo angenifukuza. Alikuwa anajua hilo ndilo linaloniuma, ndiyo maana alilisema. Lakini hakuna siku aliyoniruhusu kuweka mguu hata kwenye tofali moja. Niliwahi kusimama juu ya ndoo iliyopinduliwa ili nifikie kona. Aliipiga teke nikiwa bado niko juu yake, akanidaka.

Miaka ikaenda. Macho yakamchoka kwa ile dawa, maana miwani ya kukinga alikuwa havai, akidai inamfanya aonekane chura. Akarudi kwao Makete, kijiji cha Ipelele, kwenye baridi yake. Kazi nikabaki nayo mimi.

Festo naye alikuwa amejenga Njombe, nyumba kubwa kwenye mteremko, ukuta wake wa juu unatazama njia ya kwenda sokoni. Lakini kuvu haichagui. Ukuta ule ukawa kijani kuliko jirani zake wote, na mwenye nyumba ni mkandarasi. Mafundi aliowaita hawakuja. Hakuna aliyemwambia sababu. Huyu mama yake alikuwa mgonjwa, yule ana msiba, mwingine simu yake haishiki mtandao. Mwishowe akanipigia mimi. Hebu fikiria. Akaniita kaka. Akasema mambo ya zamani tumwachie Mungu, nije na ile mianzi yangu.

Nilikata simu. Halafu nikampigia mama wa kuta. Nilitegemea aseme usiende. Akaniambia nimngojee stendi.

Alishuka kwenye basi la Makete na bomba lake ndani ya gunia. Alikuwa amepungua, uso umeingia ndani, lakini mdomo ulikuwa palepale.

"Kamwene, mama," nikamsalimia.

"Kamwene. Umenenepa. Unaosha kuta au unazila?"

Tulifika kwa Festo mchana, ukungu umeshuka mpaka kwenye miti. Alitoka na viatu vya ndani, akatukaribisha vizuri, akaagiza chai. Mama wa kuta hakukaa. Akamwambia ataosha, lakini kwanza kuna neno analitaka. Aende kwa mke wa Daudi, amwambie mbele ya watoto wake kwamba baba yao siku ile hakunywa.

Festo alitazama viatu vyake. Nilidhani atasema. Naapa nilidhani atasema.

"Mama," akasema, "hayo yalishaisha."

"Kwa nani?"

Festo akasema chai inapoa, akaingia ndani. Mama wa kuta akanigeukia, akaniambia nimwage ile dawa niliyoizimua na nitengeneze nyingine kali. Akatoa mfukoni kichwa kingine cha kupulizia, chenye tundu dogo, akakifunga mwenyewe kwa kupapasa. Akaniambia leo mwanzi atashika yeye. Nikapampu. Kutoka kwenye kigoda nilikuwa naona mabega yake tu, yanakwenda huku na huku polepole, yanasimama, yanashuka, yanapanda tena, na jasho linamtoka katika baridi ile. Mara mbili aliniuliza ncha iko wapi, nikamwelekeza, kulia, chini kidogo, bila kujua namwelekeza nini. Ukuta ulikuwa umelowa kwa ukungu, dawa haionekani juu yake.

"Funga," akasema.

"Mama, hata robo hatujafika. Na kusuuza je?"

"Hii haisuuzwi. Funga."

Tukafunga vitu vyetu. Festo alichungulia dirishani, mama wa kuta akamwambia tumemaliza kwa leo, dawa iachwe ifanye kazi. Festo akatupungia mkono wenye kikombe. Chochote chake hatukuchukua. Nilimsindikiza stendi, na njia nzima hakusema ila kwamba Njombe siku hizi mashimo ya barabarani ni makubwa kuliko viwanja.

Dawa yetu haifanyi kazi siku ile ile. Kuvu inakufa kwanza, inageuka kahawia, halafu mvua zinaiteremsha. Mimi nilikuwa Makambako kwenye kazi nyingine simu zilipoanza. Watu wananiuliza kama nimeona. Nikapanda gari nikaenda. Kwenye ukuta wa kijani, juu kabisa chini ya bati, kwa herufi nyeupe zilizolala upande kidogo kama za mtu anayeandika gizani, palikuwa pameandikwa DAUDI HAKUNYWA.

Rangi haishiki juu ya kuvu, na hakuna mtu anayekubali kumpandia Festo. Amejaribu mwenyewe na fagio lililofungwa kwenye mti, herufi zikazidi kung'aa. Alinipigia tena, safari hii hakuniita kaka, akataka nije nioshe ukuta mzima. Nikamwambia nitakuja hata leo. Amlete mke wa Daudi wasimame pale chini, aseme anachotakiwa kusema, mama yule akiridhika mimi nalowesha. Akakata simu. Ukuta uko vile vile.

Mke wa Daudi anauza njegere sokoni. Siku hizi haendi kwa njia yake ya zamani, anapanda na ile ya juu, ndefu, inayopita mbele ya ukuta wa Festo, kapu kichwani na watoto nyuma. Nilikutana naye juzi nikamwambia dada, mbona unajichosha na kilima hiki wakati njia ya chini ipo.

"Watoto hawajamaliza kusoma," akaniambia. "Waache wasome."